Hajui kuogelea, anataka kuunda roboti ya baharini

KARAKANA YA MZEE: maswali na majibu

Toleo lililopita, nikijibu swali la pampu ya kisima, nilidokeza kwamba kila Julai huwa napotea wiki mbili kwenye gati moja huku Massachusetts, nikisaidia kufundisha vijana wa miaka 14 hadi 17 kuunda vyombo vya kupiga mbizi. Ilikuwa sentensi moja tu. Barua zilizoletwa na sentensi hiyo zimezipita zote za pampu, na wenye visima wameninunia. Watanisamehe. Mwezi huu ni bahari tupu.

SWALI

Jambo papa. Sisi ni watu wa Uvira, sasa tunakaa Portland, Maine, huu mwaka wa sita. Binti yangu ana miaka 15. Mwalimu wake wa fizikia alimwandikia barua ya kumsifu, na amepata nafasi katika mafunzo ya wiki mbili ya uhandisi wa bahari wakati wa likizo ya kiangazi. Papa, kule kwetu ziwa lilichukua ndugu wawili wa baba yake. Mtoto mwenyewe hajui kuogelea. Nikimuuliza atafanya nini huko ananijibu, "Tutatengeneza roboti, mama," kisha anafunga mlango wa chumba. Ada si ndogo. Nimpeleke, au nimtafutie kazi ya kiangazi kama wenzake?
Mama wa Watano, Portland

JIBU

Mama wa Watano, pole sana kwa ndugu hao wawili. Sitakuambia usiogope maji. Nimekulia Tanga, na kila mtaa wa wavuvi una majina yake ambayo hayatajwi ovyo.

Nianze na kuogelea. Katika mafunzo ya aina hii anayeingia majini ni roboti. Mtoto husimama ukingoni mwa bwawa au juu ya gati, ameshika kisanduku cha swichi, anatazama chini. Lakini usiishie hapo. Waandikie wenye mafunzo, uwaulize kama watoto watapanda boti, na kama jaketi la kuokolea huvaliwa tangu mtoto anapokanyaga gati au mpaka boti iwake. Waulize pia ni nani ambaye kazi yake ni kutazama maji na kuhesabu vichwa, basi, hajibu maswali ya mota. Kwetu mtu huyo yupo. Nimewahi kupangiwa zamu hiyo. Inachosha kuliko kulehemu waya mia. Wakikujibu kwa maneno ya jumla jumla, kwamba usalama kwao ni jambo la kwanza na kadhalika, waulize tena. Maji ya huko kwenu Maine ni ya baridi hata Julai. Anayetumbukia ghafla hukatika pumzi kwa mshtuko, hata kama ni muogeleaji, kwa hiyo jaketi ni la wote. Na mwandikishe darasa la kuogelea kuanzia sasa, aende mafunzo asiende. Mnaishi mji wa bandari.

Sasa kilicho nyuma ya ule mlango uliofungwa.

Siku ya kwanza asubuhi mezani kuna bomba la plastiki la nusu inchi, lile mafundi bomba wanalolipitisha ukutani, pamoja na elbo na tii za kuungia. Kuna mota tatu ndogo, maboya, waya mrefu, betri ya volti 12, na mtoto ambaye hajawahi kushika msumeno. Mfano wa roboti hiyo unaitwa SeaPerch. Ulianza kupelekwa mashuleni mwaka 2003 na ofisi ya Sea Grant ya chuo cha MIT, kwa fedha za idara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, na mafunzo mengi ya kiangazi huutumia mpaka leo, au hutumia kitu kinachofanana nao chini ya jina jingine. Mota mbili huisukuma mbele na kuigeuza, ya tatu huishusha na kuipandisha. Waya unaorudi juu kwa mwendeshaji Waingereza wameupa jina lile lile la kamba ya kumfungia mbuzi malishoni, tether, na kwa kweli ukiwaona watoto wanavyouvuta, jina limekaa.

Mota zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili ya maji. Mtoto huizungushia utepe wa umeme, akaitumbukiza katika kichupa cha plastiki kama kile cha vidonge, akakijaza nta pande zote hadi ibaki ncha tu inayotokeza kwenye kitundu, mahali pa kufungia rafadha, yaani pangaboi la kusukumia maji. Nta yenyewe ni ile pete laini, yenye kunata, ambayo mafundi wa Marekani huilaza chini ya choo cha kukalia ili maji machafu yasivuje. Watoto wakishaambiwa inakotoka hucheka robo saa nzima, na kila mwaka hakosi mmoja anayekataa kuishika. Ikiwa ya moto mno hupenya ndani ya mota, nayo haizunguki tena. Ikiwa ya baridi huacha mapovu, na maji hayana kazi nyingine ila kuyatafuta hayo mapovu. Kidole ndicho kipimajoto. Mimi kila nikiinusa namwona babu yangu Pangani amechutama chini ya mashua, pamba iliyochovywa mafuta mkono huu, patasi butu mkono huu, anakalafati, yaani anaziba nyufa, ubao hadi ubao, kisha deheni, yale mafuta ya kupaka mashua, juu yake. Siku moja niliwaeleza watoto habari hiyo. Kijana mmoja akauliza babu alikuwa na shahada gani.

Nikuhadithie na aibu yangu, maana humo ndimo mafunzo yenyewe yalimo. Mwaka wangu wa pili wasichana watatu walitengeneza kisanduku cha kamera, mfuniko wake umekazwa juu ya pete ya mpira ya kuzuia maji. Kazi safi. Jioni wakaenda kula. Mimi kwa kiherehere changu nikakifungua, nikaipangusa pete, nikaipaka grisi, nikafunga tena, eti nimewasaidia. Kesho yake kilishuka mita 3, picha ikaingia ukungu, halafu giza. Tulipokifungua mlikuwa na maji kama vijiko viwili vya chai, na juu ya ile pete, umelala kama mstari wa kalamu, unywele mmoja. Mweupe. Gati zima siku ile lilikuwa na watu zaidi ya ishirini, na mwenye mvi alikuwa mmoja. Hakuna aliyesema neno. Msichana aliyekuwa karibu nami alinitazama kichwani, akaenda kuleta kitambaa. Tangu siku hiyo sigusi kazi ya mtoto akiwa hayupo, na navaa kofia.

Kuna na hili litakalomhusu binti wa Uvira hasa. Roboti hiyo inatakiwa isizame wala isipande: ukiiachia katikati ya maji ibaki pale pale, kama changu aliyelala. Watoto huilinganisha bwawani siku nzima, boya dogo upande huu, kipande cha chuma upande ule. Manahodha wetu wa majahazi wanaijua kazi hiyo, na uzito ule wanauita farumi. Sasa ngoja siku ya kwenda gatini. Roboti iliyotulia bwawani kama samaki, baharini inaelea juu kama dafu na haishuki hata kwa mota. Watoto hudhani imeharibika. Haijaharibika, maji ndiyo yamebadilika: lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja, ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Chombo kinachochukua nafasi ya lita 4 kitasukumwa juu kwa gramu 100 zaidi. Huo ni uzito wa kipande cha sabuni ya kuogea, nao watosha kuharibu asubuhi nzima.

Gonga ule mlango, umuulize: chombo kilicholinganishwa Ziwa Tanganyika kikitiwa bahari ya Portland kitafanyaje? Mwache akueleze, hata akichora kwenye ukuta. Ziwa lenu ni la pili kwa kina duniani, zaidi ya mita 1,400. Mtoto wa ukoo uliopoteza watu humo ana sababu yake ya kutaka kujua huko chini kukoje, hata kama hajakuambia.

Ada: omba punguzo, tena kwa maandishi. Mafunzo mengi huwa na fungu la kusaidia, ila halichapwi kwa herufi kubwa. Wiki mbili hazimalizi kiangazi, kazi ataikuta Agosti. Lakini kabla hujatoa hata senti, uliza maswali mawili zaidi. Kila mtoto analehemu mota yake, au wanne wanamtazama mmoja? Na chombo kinalowa siku ya ngapi? Wakisema siku ya mwisho, mbele ya wazazi, pamoja na keki, tafuta kwingine. Kitu kikivuja siku ya mwisho hakuna anayepata nafasi ya kujua kimevuja kwa nini. Niliwahi kutembelea mafunzo ya bei kubwa kuliko yetu nikakuta roboti zimekwisha fungwa na watu wazima, watoto wanabandika stika. Picha zao zilitoka nzuri ajabu.

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi Likoni, Mombasa. Kuja Amerika sina mpango wala nauli. Tuko vijana watano, tuna betri ya pikipiki na mota tulizozitoa kwenye vitu vibovu. Tunataka kuunda chombo cha kwenda chini ya maji chenye kamera. Tuanzie wapi? Na je, chaweza kufika chini pale feri zinapopita?
Kijana wa Likoni

JIBU

Marahaba mwanangu. Hilo swali lako la mwisho nimelielewa. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likaporomoka kutoka kwenye feri hapo kwenu, ndani yake mama na bintiye mdogo, na zikapita siku 13 kabla ya kutolewa. Maji machafu, mkondo mkali, kina cha zaidi ya mita 50. Hata sisi wa mbali tulikuwa tukihesabu zile siku. Wewe ulikuwa mdogo, lakini naona hukusahau.

Chombo chenu cha kwanza hakitafika pale, na msikijaribu pale. Kwanza ni njia ya meli. Pili, kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mzigo sawasawa na wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chako. Mita 50 ni mara tano ya hapo, na ukijumlisha hewa yenyewe, sita. Kisanduku cha plastiki cha kuwekea chakula, kilichovumilia vizuri kwenye ndoo, huko kitabanwa mpaka kipasuke. Anzeni na pipa la lita 200. Mkimaliza pipa, ombeni bwawa la hoteli asubuhi kabla wageni hawajaamka. Kisha ufukweni siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, mahali pasipo na mkondo, na mmoja wenu awe anajua kuogelea sawasawa. Siku za bamvua, bahari ikijaa na kupwa kwa nguvu, kaeni nyumbani mlehemu.

Kabla ya yote, umeme. Msitumie umeme wa ukutani. Usiku wala mchana, hata "kwa dakika moja tu tuone". Betri yenu ya volti 12 ndiyo itakayotumika, nayo ibaki nchi kavu, mbali na mawimbi. Kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, wekeni fyuzi. Betri ya pikipiki ni ndogo kwa umbo, lakini nyaya zake zikigusana huchoma plastiki ya waya mpaka kiganjani. Kovu ninalo.

Halafu kuna ugonjwa ambao kila timu huupata, nao ni wa waya. Mtaokota waya wa intaneti kwa sababu ni rahisi kupatikana na una nyuzi nane ndani. Mzuri, lakini mwembamba: kila mita ya uzi wake ina ukinzani, yaani uzito wa kupitisha umeme, wa kama omu 0.084. Mita 15 kwenda na 15 kurudi, tayari ni omu mbili na nusu. Mota ikivuta ampea 2, volti 5 zinaishia njiani. Betri inasema 12, mota inapata 7, na nyinyi mnaitukana mota. Unganisheni nyuzi mbili mbili kila upande, hasara itapungua nusu. Fanyeni hesabu hiyo kwa karatasi kabla ya kukata waya, mimi sikuifanya na nikanunua mota mpya mara mbili.

Mota za vitu vibovu zitafaa kwenye pipa. Mkipata pesa kidogo, ulizeni kwa wauza vifaa vya boti pampu ndogo ya kutolea maji yaliyoingia chomboni, ile ya volti 12. Ndani yake mna mota iliyokwisha zibwa dhidi ya maji. Toeni kile kifuniko na kile kigurudumu cha kusukumia maji, fungeni rafadha mahali pake. Kazi ya nta mmeiruka.

Maboya: mtashawishika kutumia ndara zilizotupwa ufukweni, sisi Tanga twasema ndala. Pwani yenu haina uhaba wa hizo. Lamu walifunika jahazi zima nazo, lile la Flipflopi lililoundwa kwa taka za plastiki na kushushwa majini mwaka 2018. Kwa mita mbili ndara inafaa. Lakini ni laini, ndani yake ni vipovu vya hewa, na maji yakiibana inasinyaa. Ikisinyaa inaelea kidogo, chombo kinashuka zaidi, inasinyaa zaidi. Utakiona chombo chenu kinaanza kuteremka chenyewe bila kuambiwa, na mota ya kukipandisha inalia tu. Boya gumu la nyavu halina tabia hiyo. Au kipande cha bomba kilichozibwa pande zote mbili kwa gundi, kilichokaa usiku kucha ndani ya ndoo chini ya jiwe, nanyi mmehakikisha asubuhi kwamba ni kikavu.

Na msidhani mambo haya ni ya wenye maabara. Mwaka 2004 vijana wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden, huko Phoenix, Arizona, mji wa jangwani, wahamiaji kutoka Mexico, waliingia mashindano ya roboti za majini ya MATE yaliyofanyika Santa Barbara, California. Wakajiandikisha daraja la vyuo vikuu. Roboti yao ya mabomba ya plastiki ilinuka gundi mpaka wakaipa jina Stinky, yaani Mnuko. Kisanduku chao cha umeme kikavuja, siku zimekwisha, nao wakakitia tamponi za wanawake ndani ili zinyonye maji. Wakaishinda timu ya MIT. Ninapowahadithia watoto wa gatini kisa hiki wavulana hutazama viatu vyao, wasichana husema mbona ni jambo la wazi.

Mkifika hatua ya bwawa, chukueni chombo mkononi, mwende watano, mbishe hodi Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, au kwa wale wa utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, au Bandari Maritime Academy. Msitangulize barua ya kuomba msaada. Ukiingia ofisini na barua utaambiwa uiache kwa katibu. Ukiingia na kitu kinachodondosha maji sakafuni, mtu atainuka kitini aulize ni nini.

Niandikieni kilivuja wapi.

SWALI

Ndugu mhariri wa Karakana, wakala mmoja hapa Dar es Salaam ameniambia nikimlipia kijana wangu kambi ya uhandisi wa bahari Marekani, itamfungulia njia ya kuingia MIT. Kiasi anachotaka ni sawa na kiwanja. Je, ni kweli?
Baba Mzazi, Mbezi

JIBU

Si kweli, kaka. Nunua kiwanja.

Niongeze kidogo. Kambi ya kulipia haiuzi mlango wa chuo, na wanaosoma maombi ya kujiunga wanaweza kutofautisha mtoto aliyelipiwa na mtoto aliyehangaika. Baadhi ya mafunzo ya huku, hasa yale ya bure yenye ushindani, hupokea raia na wakaazi wa Marekani tu; soma masharti mwenyewe, usisomewe na wakala. Tena usifukuzie jina. MIT ilianza kufundisha uundaji wa meli mwaka 1893, ikawa na idara kamili ya uhandisi wa bahari, na mwaka 2005 idara hiyo ikaunganishwa na ya uhandisi wa mitambo. Fani haikufa, jina ndilo lililohama mlango. Kijana wako akiwa na hesabu nzuri na mikono michafu, hapo hapo mjini mnacho Chuo cha Bahari, DMI. Mpeleke siku moja akaone karakana, kisha mwende Feri mkale samaki, mwongee.

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni mtu mzima, mzaliwa wa Unguja, niko Maskati miaka thelathini. Nimesoma habari ya watoto wako na roboti. Samahani, lakini sisi tulifunzwa kwanza kufunga fundo, kupiga kasia na kutia bildi, yaani kupima kina kwa kamba yenye chubwi la risasi, kabla ya kugusa usukani. Hawa wa leo mnawapa mashine na hata kamba hawajui kufunga. Huoni mmeanza mwisho?
Mzee wa Matrah

JIBU

Wa aleikum salaam, mzee mwenzangu. Naona. Na nina ushahidi unaokupa haki, sijui kama nifurahi kukupa.

Kiangazi changu cha tatu mvulana mmoja, mwerevu sana, aliyeandika mwenyewe programu ya kusoma joto la maji, alifunga waya wa roboti kwenye nguzo ya gati kwa fundo la kiatu. Kweli, fundo la kiatu, na masikio mawili. Maji yalikuwa yakipwa. Mkondo ukavuta, fundo likafunguka polepole kama mtu anayevua ndala mlangoni, na waya wote wa mita 15 ukateleza tukiutazama, ukaingia chini ya gati pamoja na roboti ya timu nzima. Kutia bildi tungeweza, maana chubwi na kamba vilikuwepo kwenye sanduku, lakini waliojua kuvitumia tulikuwa wawili na wote magoti yetu mabovu.

Aliyeiokoa ni mvuvi wa kambakoche, mzee kutupita sisi, anayefunga boti yake gati la jirani. Alikuja na mti mrefu wenye ndoana, akalala kifudifudi kwenye mbao, akapapasa kama dakika ishirini, akaiibua. Rafadha moja ilikuwa imevunjika. Watoto wakapiga makofi, wakanyoosha mikono kuipokea. Yule mzee akaipakata roboti kifuani, akasema haitoki mpaka kila mmoja amfungie kwenye nguzo kitanzi kisichoteleza wala kukaza, naye akivute kwa uzito wake wote.

Walikuwa kumi na saba. Akawafundisha mara moja tu, kimya kimya, kisha akakaa juu ya kreti. Saa moja na nusu ikapita. Chakula cha mchana kikapoa. Msichana mmoja alikipata kitanzi mara ya kwanza, akakirudia akiwa amefumba macho, na mvuvi akamwinamishia kichwa. Yule wa fundo la kiatu alikuwa wa mwisho. Alivutiwa kamba mara nne, ikateleza mara nne. Ya tano ikashika. Mzee akamkabidhi roboti yake, akatia mfukoni kile kipande cha rafadha kilichovunjika, akarudi kwenye mitego yake.